Mteja kaleta picha ya kiti cha kupumzikia: fundi aanzie wapi?

Swali: "Mimi ni fundi seremala Tanga, nimezoea vitanda, milango na makabati. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Dodoma, yuko hapa kwa binti yake na ameniletea picha kwenye simu: kiti cha mbao cha kupumzikia, miguu myembamba, egemeo limelala. Anataka cha namna hiyo akae asome magazeti jioni. Umri wake umepita miaka 70 na magoti yanamsumbua. Picha haina vipimo. Nianzie wapi, nitumie mbao gani, na nimtoze vipi nisipate hasara?"

Fundi, mdogo wangu, hongera kwa kuaminiwa kazi hii. Katika samani za mbao hakuna kigumu kama kiti. Kitanda kinambeba mtu aliyetulia. Kiti kinambeba mtu anayejitupa, anayejisogeza, anayejinyanyua kwa kusukuma mikono, na nguvu yote hiyo inapita kwenye viungo vichache vidogo. Ukikipatia, mzee atakikalia kila siku ya maisha yake. Ukikikosea, hakuna mto utakaokiokoa.

Picha inakuonesha kile ambacho macho ya mzee yamependa. Kuhusu magoti yake haikuambii lolote. Kwa jinsi ulivyoieleza, huo ni mtindo wa Denmark wa miaka ya 1950, enzi za wabunifu wa samani akina Hans Wegner na Finn Juhl, walipokuwa wakiutumia sana mtiki. Inafaa ujue walivyofika pale. Kaare Klint, aliyeanza kufundisha usanifu wa samani katika chuo cha kifalme cha sanaa mjini Copenhagen mwaka 1924, aliwataka wanafunzi wake wapime kwanza mwili wa mtu na vitu anavyovitumia, ndipo wachore. Wewe nawe chukua utaratibu huo na uache vipimo vyao, kwa sababu viti vya namna hiyo vingi ni vya chini. Kijana hunyanyuka bila kufikiri. Mzee mwenye magoti mabovu atakaa, halafu atamwita mtu amwinue, na baada ya wiki mbili kiti kitageuka mahali pa kuwekea nguo.

Basi mpime mwenyewe kabla hajarudi Dodoma. Nenda nyumbani kwa binti yake, salimia, mweleze mzee unachotaka kufanya na kwa nini, na umwombe ruhusa. Binti yake awepo. Kama hapendi kuguswa, binti ashike tepu na wewe usome namba. Mkalishe kwenye benchi gumu lililo sawa, miguu imekanyaga chini yote, amevaa ndala au viatu anavyovaa akiwa ndani. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la goti kwa nyuma. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi kwenye kunjo hilohilo. Pima kutoka kwenye benchi hadi kwenye kiwiko, mkono ukining'inia na kukunjwa bila kupandisha bega. Pima upana wa nyonga, na urefu kutoka benchi hadi mabegani na hadi kisogoni. Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: mwangalie anavyonyanyuka. Anasukuma kwa mkono upi? Anarudisha miguu nyuma kwanza? Analalamikia goti lipi? Hayo yote yaandike.

Tuseme umepata sentimita 43 hadi kwenye kunjo la goti, 50 kutoka makalio hadi kunjo, 21 kwa kiwiko, na 40 kwa nyonga. Kwa mtu mzima asiye na shida ya magoti, ukingo wa mbele wa kikalio ungekuwa 38 au 40 hivi. Kwa huyu mzee weka 43, na pima juu ya mto uliokwisha kukandamizwa na uzito wake. Sponji ya unene wa sentimita 10 ikikaliwa inaweza kupoteza 3 au 4, kwa hiyo fremu haiwezi kukadiriwa kabla hujaijua sponji. Kina cha kikalio kiwe 45, ili kati ya ukingo na shavu la mguu ibaki nafasi ya vidole vitatu. Kina kikizidi, ukingo unabana mishipa nyuma ya goti, na mtu anajivuta mbele mpaka mgongo unaachana na egemeo. Upana kati ya mikono ya kiti, 50 au 52.

Pembe ndiyo inayokitofautisha kiti cha kupumzikia na kiti cha mezani. Pwani yetu ina kiti cha enzi, kile cha Lamu na Zanzibar, cha mbao nyeusi iliyopambwa kwa pembe za ndovu na kusukwa kwa uzi, chenye egemeo refu lililosimama na mahali pa kuwekea miguu. Ni kazi nzuri mno, na ninawahimiza vijana wakiona kimoja wakichunguze viungo vyake. Lakini kile kilimketisha mtu wa heshima wima mbele ya wageni, hakikuundwa kwa ajili ya usingizi wa alasiri. Mzee wako anataka uzito wa mgongo uhamie kwenye egemeo, na hilo linahitaji kikalio kiteremke kuelekea nyuma, la sivyo atakuwa anateleza kwenda mbele muda wote. Kwa kina cha 45, teremsha nyuma sentimita 4 na nusu. Hiyo ni karibu nyuzi 6. Ukiteremsha zaidi atapumzika vizuri, ila kunyanyuka kutakuwa kazi. Kati ya kikalio na egemeo acha nyuzi 105. Huna haja ya kifaa cha kupimia pembe: kwa kila sentimita 60 za kwenda juu, egemeo lirudi nyuma sentimita 23. Kwa mtu anayesoma gazeti inatosha. Ukililaza zaidi ya hapo shingo itadai mto wa kichwa na mikono itachoka kuinua gazeti.

Namba hizi zote ni makisio mpaka mzee akae juu yake. Kwa hiyo kabla hujagusa mbao ya thamani, tengeneza kiti cha majaribio. Chukua mabaki ya paini, plaiwudi kuukuu na skrubu. Kikae ovyo, kisipigwe hata msasa, mradi kiwe imara na kila kipimo kiweze kubadilika. Kwenye miguu toboa mashimo kila baada ya sentimita 2 ili kikalio kipande na kushuka, na egemeo liegeshwe kwa kabari unayoweza kuiondoa. Weka sponji ileile utakayoitumia mwishoni. Mpe mzee gazeti, mpe chai, muache saa nzima. Dakika tano za kwanza hazikwambii kitu, maana kila kiti ni kizuri mtu akikikalia akiwa amechoka.

Wewe kaa pembeni umtazame. Akianza kusogeza makalio mbele, kina ni kirefu au mteremko ni mdogo. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, mikono ya kiti iko juu mno. Akiinama upande mmoja kutafuta pa kuwekea kiwiko, iko chini. Akishika shingo, egemeo limelala kupita kiasi. Akikunja mguu mmoja chini yake au kutafuta kitu cha kuukanyagia, mbele ni juu sana. Rekebisha kimoja kwa wakati mmoja, usibadilishe viwili kwa pamoja, maana hutajua kipi kilichosaidia. Mwisho mwambie anyanyuke mwenyewe bila kushikwa, arudie tena na tena. Hapa utaona mambo mawili ambayo picha ile huenda haina. Mikono ya kiti lazima ifike mbele hadi usawa wa ukingo wa kikalio, na ncha zake ziwe nene na za mviringo, ajaze kiganja anaposukuma. Na chini ya ukingo wa mbele pawe wazi, kusiwe na mbao ya kuunganisha miguu karibu na sakafu, kwa sababu mtu hawezi kusimama kabla hajarudisha nyayo zake nyuma, chini ya magoti.

Jaribu pia kama kiti kinaweza kuanguka. Mkalishe kijana mzito wa karakana, ajitupe nyuma kwa nguvu huku ukiwa umesimama tayari kumdaka. Dondosha timazi kutoka ukingo wa juu wa egemeo. Mimi sipendi timazi liangukie zaidi ya sentimita 10 nyuma ya nyayo za miguu ya nyuma. Likizidi hapo, ilaze miguu ya nyuma kwenda nje zaidi.

Hapo ndipo unachukua vipimo vya kweli, kutoka kwenye kile kiti kibovu, na kuvichora kwa ukubwa halisi kwenye shiti ya plaiwudi: upande mmoja wa kiti, mstari kwa mstari. Mchoro huo ndio utakaokupa pembe za viungo. Weka skwea ya kukunja juu yake, kaza, hamishia kwenye mbao. Hakuna hesabu.

Sasa mbao. Uko Tanga, karibu na mtiki wa Longuza kule Muheza, na ukiwa na picha ya Denmark mkononi utavutwa huko. Mtiki ni chaguo zuri: unatulia, unakatika vizuri, rangi yake inaendana na kile alichokipenda. Mimi kwa kiti hiki ningechukua mninga, kwa sababu ni katika mbao zinazosinyaa kidogo kuliko nyingi tulizonazo, na kiti hiki kinahama kutoka pwani kwenda Dodoma. Mvule unafaa. Mkongo ni imara sana, ila ni mzito na unachosha patasi. Mbao yoyote utakayochagua, kata uondoe ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, hata ikiuma kuitupa. Ndiyo wadudu wanaoianza. Nunua kwa muuzaji mwenye hati ya kusafirishia mazao ya misitu, akupe risiti. Na ufunge pua na mdomo unapopiga msasa: vumbi la mninga na la mvule linawasumbua watu wengi kifua na ngozi.

Ukavu usiuchukulie kwa kubahatisha. Mbao iliyokaa kivulini Tanga hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 14 au 15. Dodoma, ndani ya nyumba, itashuka hadi 10 au 12, na wakati wa kiangazi hata chini ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo inayolegeza ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa iingie kwenye tundu la mbao nyingine, na kufanya kiti kianze kulia miezi michache baada ya kukabidhiwa, na mteja atasema fundi wa Tanga kaniuzia mbao mbichi. Kama huna kipima unyevu, kata kipande kidogo umbali wa sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao, ukipime kwenye mzani wa jikoni wa kidijitali, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 115 zikibaki 100, una asilimia 15. Ili kuishusha, pasua mbao kwa vipimo vya karibu na vya mwisho, zipange kwa vijiti katikati hewa ipite, ziweke darini chini ya bati la karakana, wiki kadhaa, ukipima uzito wa ubao mmoja mara kwa mara. Bati la Tanga lina joto la kutosha. Ncha zipake rangi au gundi zisipasuke.

Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hakuna. Kikalio cha ubao mmoja mpana wa sentimita 50 kinaweza kupungua milimita kadhaa kikifika Dodoma, na kama umekibana kwa gundi pande zote kitapasuka. Tumia mabanzi membamba kwenye egemeo, na kikalio ukitengeneze kwa kamba au mikanda.

Miguu ya nyuma iangalie kwa makini kuliko kitu kingine. Imepinda, na ukiuchonga mpindo kutoka ubao ulionyooka, mahali fulani nyuzi za mbao zitakuwa zimekatwa kwa mshazari, fupi fupi, na hapo ndipo mguu utakapovunjika, kwa kawaida karibu na kikalio. Kata kiolezo cha plaiwudi, kitembeze juu ya ubao mpaka mkondo wa nyuzi ufuate mpindo wa mguu kadiri inavyowezekana. Fundi wa milango hutafuta ubao ulionyooka. Kwa kazi hii ubao wenye nyuzi zilizojipinda kidogo ndio mali. Utapoteza mbao nyingi. Iingize kwenye bei.

Kiungo kinachoteseka zaidi ni pale mifumbati, yaani mbao za pembeni zinazobeba kikalio, inapoingia kwenye miguu ya nyuma. Mfumbati wa unene wa sentimita 2.5 upewe ulimi wa unene wa milimita 8 hadi 10, urefu usiopungua sentimita 3, na kimo chote ambacho mbao inaruhusu, kwa sababu kimo ndicho kinachozuia kuyumba. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo kubwa utapasua mguu, ukidondoka wenyewe gundi haitakusaidia. Kisha kitie kijiti cha mbao ngumu kinachopita kwenye tundu na ulimi, tobo la kijiti kwenye ulimi likiwa limesogezwa milimita moja kuelekea bega la kiungo, pale ulimi unapoanzia, ili kijiti kikipigwa kivute kiungo kijifunge chenyewe. Hapo hata mbao ikisinyaa, bega halifunguki. Skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha mbao, yaani kwenye ncha ya nyuzi, haishiki. Nakuomba sana usiitegemee, hata kama picha za viti vya bei rahisi zimejaa skrubu. Mtiki una mafuta: futa sehemu za gundi kwa thina, acha ikauke, paka gundi mapema.

Unganisha pande mbili kwanza, kila upande peke yake juu ya ule mchoro wa plaiwudi, halafu siku nyingine uunganishe kwa mbao za mbele na nyuma. Kabla ya gundi kukauka pima ulalo kwa ulalo, kona hadi kona, uone kama kiti kimekaa mraba.

Kwa kikalio uko kwenye mkoa wa katani, na ningeutumia mkonge bila kusita, kamba ya milimita 5 au 6 iliyosokotwa kwa kukaza, isukwe kama kitanda cha kamba, na juu yake mto. Katani peke yake inachoma ngozi, chini ya mto haina shida, na hewa inapita. Mikanda ya elastiki ya makochi nayo inafaa. Ivute kiasi cha asilimia 10 kabla ya kuipigilia. Mpira wa tyubu ya gari uache. Joto litauchosha haraka, na mzee ataanza kuzama, sentimita baada ya sentimita, mpaka ile 43 uliyoihangaikia ipotee. Sponji iwe ya kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo au zaidi.

Umaliziaji usikuchukue muda kuuwaza. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikifutwa kabla haijanata. Mikono ya kiti hushikwa kwa jasho, na vanishi nene hapo huanza kubanduka, wakati mafuta unaweza kuyarudishia kwa kitambaa tu. Lakini vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huwaka vyenyewe vikirundikwa. Vitandaze nje vikauke au vitumbukize kwenye maji. Karakana zimeungua kwa jambo hili.

Kuhusu fedha. Kiti cha vipimo hivi kina mbao kama mita za ujazo 0.023 zikishakamilika, karibu kilo 15 za mninga. Wewe utanunua 0.035 au hata 0.04 kwa sababu ya mipindo, ile sehemu nyeupe na nyufa. Mteja analipia mbao uliyonunua, siyo ile iliyobaki kwenye kiti. Ongeza gundi, msasa, kamba, sponji, kitambaa, mafuta, umeme, kodi ya karakana, usafiri wa Dodoma. Kisha siku zako za kazi kwa ujira unaoupata ukitengeneza vitanda, usijipunguzie kwa sababu ni kazi ya kujifunza. Faida inakuja juu ya hapo. Kiti cha majaribio mtoze peke yake, kiasi kidogo, kilipwe mwanzoni. Anayekataa kulipia hicho ni bora umjue mapema. Baada ya majaribio, andika vipimo vilivyokubaliwa kwenye karatasi, mzee na binti yake watie saini, na upokee kianzio kinachofidia vifaa vyote kabla hujapasua ubao wa kwanza. Mweleze pia kwamba hutanakili kiti cha mtu kipande kwa kipande, utamtengenezea chake kwa roho ya ile picha. Wazee wengi hufurahi kusikia hivyo.

Ukikipeleka, kiweke juu ya sakafu yake mwenyewe, pale atakapokaa. Vigae vya nyumba nyingi haviko sawa, kwa hiyo chukua randa ndogo na msasa, uguse mguu unaoning'inia mpaka kiache kucheza. Mruhusu akae. Kamba ya katani italegea katika miezi ya mwanzo kama ilegeavyo ya kitanda, na inabidi ikazwe. Ukifunga, acha ncha ndefu upande wa nyuma chini ya kikalio, na umwoneshe mtu wa nyumbani kwake jinsi ya kuivuta, ili asilazimike kukusubiri utoke Tanga.